Jinsi ya kutunza trela za milimita 35 na kuzitumia tena bila kuzimaliza

Trela ni tangazo fupi la filamu ijayo, na trela ya utepe haikai na filamu moja. Leo imeungwa mbele ya filamu hii. Filamu hiyo ikiondoka ukumbini, trela inavuliwa na kuungwa mbele ya nyingine, hadi siku filamu inayoitangaza itakapofika. Kila uhamisho una mkato, na mkato wa haraka haraka hula fremu (picha moja moja za utepe) mbili au tatu. Ndiyo maana utakuta trela inayoanza na herufi zilizokatika na muziki ulioruka. Utepe wenyewe hauna kosa. Aliyeuharibu ni mtu wa mkasi.

Utaratibu ufuatao ni wa kumbi za Marekani za enzi za sahani (meza bapa inayozunguka na kubeba filamu nzima), na bado unafuatwa katika kumbi zinazoonyesha filamu za utepe. Sehemu ya mwisho inahusu trela za kidijitali.

Hesabu za kukariri

Utepe wa milimita 35 una fremu 16 kwa futi, na kila fremu ina matundu 4 kila upande. Kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, dakika moja ni futi 90. Trela ya dakika 2 na sekunde 30, urefu ambao studio za Marekani hazikutakiwa kuuvuka kwa kawaida, ni futi 225, yaani karibu mita 69. Trela nne za namna hiyo ni futi 900 na dakika 10, kwa hiyo rili moja ya futi 1,000 inazibeba zote.

Vifaa

Mashine ya kuungia yenye pini zinazoshika matundu, selotepu maalumu ya filamu, glavu za pamba, meza yenye taa chini ya kioo, ukanda mweusi wa filamu, vitovu vya plastiki vya kuzungushia utepe, makopo, kalamu ya wino usiofutika. Selotepu ya dukani iache dukani. Joto likipanda gundi yake hutambaa, na mizunguko ya utepe hushikana.

Hatua ya 1: Isome trela kabla ya kuikata

Shika utepe kwa kingo tu, uweke juu ya taa, utafute mambo matatu.

La kwanza ni umbo la picha. Katika trela ya skopu (ya skrini pana zaidi) picha imebanwa kwa upana: duara linaonekana kama yai lililosimama. Katika flati (isiyobanwa) duara ni duara. Ukiipitisha skopu kwenye lenzi ya flati, watu watakuwa warefu wembamba. Ukiipitisha flati kwenye lenzi ya skopu, watakuwa wafupi wanene. Kwa hiyo trela ifuate umbo la filamu kuu, isipokuwa projekta yako inaweza kubadilisha lenzi yenyewe katikati ya onyesho.

La pili ni sauti. Njia ya sauti ya kawaida ni mistari miwili membamba kando ya picha. Dolby Digital, sauti ya kidijitali, ni viraka vidogo kati ya tundu na tundu. DTS, mfumo mwingine wa kidijitali, ni alama za nukta na vistari kati ya picha na njia ya sauti. Hizo ni saa tu za kuoanisha, sauti yenyewe iko kwenye diski. Trela za DTS zina diski yake, na trela isiyokuwamo kwenye diski uliyonayo itarudi kwenye sauti ya kawaida. Si hitilafu, usianze kufungua mashine.

La tatu ni bango la mwanzo. Bango la kijani linasema nani anafaa kuiona trela. Jekundu ni la watu wazima. Ukikosea hapa, wazazi watakuja kukuuliza mlangoni.

Andika yote kwenye lebo: jina, F (flati) au S (skopu), aina ya sauti, urefu, rangi ya bango, tarehe ya filamu kutoka.

Hatua ya 2: Ipe ukanda wa kinga

Ukifanya hatua hii vizuri, zilizobaki ni nyepesi. Kata ukanda wa utangulizi wenye tarakimu kwenye mstari wa fremu, uuweke pembeni na jina lake. Kisha unga futi 2 za ukanda mweusi mwanzoni mwa trela na futi 2 mwishoni. Futi 2 ni fremu 32, yaani sekunde moja na theluthi. Mtazamaji ataona pumzi fupi tu kati ya trela na trela.

Kuanzia hapo, kila mkato wa baadaye unafanyika kwenye ukanda mweusi. Ukiwa umekatwa mara nyingi na kubaki mfupi, bandika mwingine. Trela yenyewe haiguswi tena.

Kuna sababu nyingine ya kuilinda picha ya mwanzo. Kisoma sauti kiko chini ya dirisha la picha, kwa hiyo sauti ya kila fremu imechapwa kama fremu 20 mbele yake kuelekea mwanzo wa utepe. Ukikata futi moja ya picha, mruko wa picha na mruko wa sauti havitokei pamoja, na sikio hunasa kasoro hata pale jicho lilipoikosa.

Hatua ya 3: Unga kwa mstari wa fremu

Trela za tangu katikati ya miaka ya 1990 nyingi ni za poliesta, na poliesta haishiki gundi ya majimaji iliyotumika kwa asetati, plastiki ya utepe wa zamani. Tumia selotepu ya filamu, pande zote mbili.

Weka ncha mbili kwenye pini, upande wa dawa (ule uliobeba picha) ukielekea upande uleule kwa zote mbili, na njia ya sauti upande uleule. Kata juu ya mstari unaotenganisha fremu. Kama eneo ni jeusi na mstari hauonekani, rudi hadi fremu unayoiona wazi, kisha hesabu matundu manne manne hadi unapokata. Ukikosea tundu moja, picha yote inayofuata itapanda au kushuka robo fremu, na itabaki hivyo hadi opereta arekebishe kwa mkono. Skopu inahitaji uangalifu zaidi kwa sababu mstari wake ni mwembamba sana.

Bandika, kandamiza hewa itoke, geuza, bandika upande wa pili. Hakikisha matundu yako wazi na selotepu haijazidi kingo. Kisha vuta kidogo kwa mikono miwili. Poliesta haikatiki kirahisi. Ikikwama, kinachoumia ni projekta.

Hatua ya 4: Panga mfululizo

Filamu ambayo bado iko mbali kutoka hutangulia. Inayokaribia hukaa karibu na filamu kuu. Msambazaji akileta trela yake pamoja na filamu, kwa kawaida anataka iwe ya mwisho kabla ya filamu kuu, na mkataba ukisema hivyo, hakuna mjadala.

Hatua ya 5: Tafuta foili za zamani

Vipande vidogo vya foili vinavyobandikwa ukingoni huamuru mitambo: punguza taa, zima taa, badilisha lenzi. Trela iliyotoka kwenye filamu nyingine mara nyingi imekuja na foili yake. Isipoondolewa, taa za ukumbi zitawaka katikati ya trela, au lenzi itageuka bila kuombwa. Pitisha utepe wote kwenye rili ukitazama kingo zote mbili, bandua kila foili, safisha gundi kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili kidogo, acha ikauke. Gundi iliyobaki juu ya matundu pia huziba viraka vya Dolby Digital, na sauti itakuwa inarudi kwenye ya kawaida kila mshono unapopita.

Hatua ya 6: Kubadilisha trela filamu ikiwa bado sahanini

Kwenye sahani, mwanzo wa filamu uko ndani, karibu na pete ya kati, na trela ndizo za ndani kabisa. Vuta trela za zamani kutoka katikati hadi kwenye rili ya mezani na usimame kwenye mshono unaotangulia filamu kuu. Usiondoke na rili hiyo kabla ya kuandika “mwisho nje”, kwani mwanzo sasa uko ndani. Kisha zungushia trela mpya kwenye pete ya sahani tupu, mwanzo ukiwa ndani, unga mwisho wake na mwanzo wa filamu kuu, na uipitishe filamu yote kwenye projekta taa ikiwa imefungwa. Filamu ya saa mbili itachukua saa mbili, kwa hiyo ifanyike asubuhi.

Hatua ya 7: Kuvua na kuhifadhi

Filamu inapoondoka, usikate, bandua selotepu. Inua kona moja, vuta polepole ukifuata urefu wa utepe. Ikiwa imekauka na inavunjika, kata ndani ya ukanda mweusi. Zungushia kila trela kwenye kitovu chake, si kwa kukaza sana, bandika ncha kwa kipande kidogo cha selotepu ya filamu. Mpira wa kufungia pesa huacha alama na ukichakaa hugandia, uepuke. Laza makopo, usiyasimamishe, mahali pakavu na pa baridi. Kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, nakala za zamani za asetati huanza kunuka siki. Zitenge mara moja, kwa maana mvuke huo huharakisha kuoza kwa asetati iliyo jirani. Poliesta haina tatizo hilo.

Trela za kidijitali

Hapa mkasi umekwisha kazi. Trela ni folda ya faili inayoingizwa kwenye seva na kuwekwa kwenye orodha ya onyesho. Trela moja hutumika mbele ya filamu kumi bila kuchakaa. Nyingi hazijafungwa kwa ufunguo, tofauti na filamu kuu. Kasoro zimehamia kwenye jina la faili. TLR ni trela, TSR ni kionjo kifupi. F na S zina maana ileile ya zamani, flati ikiwa pikseli 1998 kwa 1080 na skopu 2048 kwa 858 katika 2K, kiwango cha kawaida cha picha ya kidijitali. Soma pia lugha, manukuu na sauti, 51 au 71 (yaani 5.1 au 7.1). Trela ya flati ikiingia kwenye onyesho la skopu, weka amri ya kubadilisha umbo kabla yake na nyingine baada yake. Waliosahau ile ya pili ndio huianza filamu kuu ikiwa na umbo lisilo lake.

Kwa utepe na kwa seva, pitia rafu kila wiki na utoe zote ambazo filamu zake zimeshatoka. Trela za utepe ni mali ya msambazaji: rudisha au haribu kama alivyoagiza, lakini kwanza vua ukanda mweusi na kitovu, utavihitaji Ijumaa filamu mpya zikiingia.