Hesabu za usaili wa kazi ya data: anza na uwezekano

Ukiitwa usaili wa kazi ya data, usikeshe ukikariri fomula. Mimi hukaa upande wa wanaouliza, na swali ninalolipenda ni hili: ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 100. Kipimo kinawanasa wagonjwa 99 katika kila 100, ila kinawasingizia wazima 5 katika kila 100. Umepimwa, majibu yanasema unao. Je, uwezekano kwamba unaumwa kweli ni upi?

Wengi hukimbilia asilimia 99. Wewe chukua kalamu, uwaze watu 10,000. Wagonjwa ni 100, wanaonaswa 99. Wazima ni 9,900, wanaosingiziwa 495. Jumla ya walioambiwa wanaumwa: 594. Gawanya 99 kwa 594, unapata moja ya sita. Hapo umeshatumia kanuni ya Bayes, ile ya kurekebisha uwezekano ukipata taarifa mpya, bila hata kuiandika.

Fanya hivyo kwa sauti. Ukinyamaza dakika nzima, sijui unafikiri au umekwama. Na kuomba karatasi si aibu, jamani.

Pitia pia logi (kinyume cha vipeo), vipeo vya 2 (2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024) na wastani wa kurusha dadu, 3.5. Kalkulasi, yaani hesabu za kasi ya mabadiliko, usiihangaikie sana, isipokuwa tangazo la kazi limeitaja.

Nikibadilisha namba katikati, tuseme ugonjwa uwe wa mtu 1 kati ya 1,000, usitaharuki. Waza watu 100,000: wagonjwa walionaswa 99, wazima waliosingiziwa 4,995. Gawanya tena.