Kabla kuku mgeni hajaingia bandani

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wasema wahenga, na hadi leo ukipita vijijini utamkuta amefungwa kwenye shina la mwembe, wenyeji wakimzunguka na kumdonoa kwa zamu. Kamba ile ina kazi yake. Inamzuia asipotee, inamzoesha mahali na sauti ya anayemlisha. Lakini haizuii kinyesi chake kukanyagwa na wenzake, wala maji aliyoyanywa kunywewa na vifaranga wanaopita. Ugomvi wa siku mbili tatu humtia mfugaji hofu kwa sababu anauona kwa macho, ilhali kinachomaliza banda zima ni ugonjwa ulioingia na kuku aliyeonekana mzima kabisa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya matayarisho hufanyika kabla hujatoa hela, na nyingine kabla hata hujajua kwamba utapata kuku.

Nasema hivyo kwa kuwa kuku wengi wageni hawaji kwa mpango. Umekwenda kumjulia hali shangazi, wakati wa kuaga unakabidhiwa tembe amefungwa miguu. Zawadi ya kuku haikataliwi, na hupaswi kuikataa. Unachotakiwa ni kuwa na pa kumweka ukifika nyumbani usiku, umechoka. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kibanda kidogo cha kutengea ambacho kipo siku zote, hata kikikaa kitupu miezi. Kiwe mbali na banda kubwa kadiri eneo linavyoruhusu, hatua kumi na tano au zaidi, upande ambao upepo hautokei kuelekea kwa wenyeji, na maji ya mvua yasitiririke kutoka kwake kwenda kwao. Sakafu ya saruji au ya fito zilizoinuliwa ni bora kuliko udongo, maana udongo hauoshwi. Kiwe na chombo chake cha maji, chombo chake cha chakula, fagio lake, na ndala zake mlangoni. Ndala hizo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: kinyesi kilichonasa kwenye soli kinatosha kuhamisha mdondo, ugonjwa unaomaliza kuku, kutoka kibanda kimoja hadi kingine.

Jambo la pili ni chanjo ya kuku ulionao. Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, hauna dawa. Ukishaingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kubakiza kuku wawili katika thelathini. Chanjo ya I-2, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, hutolewa kwa tone moja jichoni kwa kuku wa umri wowote, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Gharama yake kwa kuku mmoja ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya kuku mwenyewe. Ila kinga haiji siku hiyohiyo. Mpe kuku wiki mbili baada ya chanjo ndipo uhesabu kwamba amekingwa. Maana yake, kama una mpango wa kununua kuku mwisho wa mwezi, wenyeji wachanjwe mwanzoni mwa mwezi. Usisubiri wageni wafike ndipo umtafute bwana mifugo. Ndui nayo ina chanjo, ile ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa. Baada ya siku saba hadi kumi kunjua bawa na uangalie palipochomwa: ukiona kivimbe kidogo au kigaga, chanjo imeshika, usipoona kitu kwa kuku wengi, irudiwe.

Kisha fikiria utawatoa wapi. Kuku wengi wa kienyeji wanaouzwa Dar es Salaam hutoka Singida na Dodoma, wakisafiri kwenye matenga juu ya mabasi na malori, na ndani ya tenga moja kunaweza kuwa na kuku wa kaya kumi tofauti. Kwa wa kuchinja jioni hiyohiyo, sawa. Kwa wa kufuga, mimi ningelipa zaidi ili nimnunue kwa mfugaji ninayeweza kufika nyumbani kwake, nikaona na wale waliobaki. Kundi linalobaki lina mengi ya kusema kuliko kuku mmoja uliyeshikishwa. Na kuwa mwangalifu hasa mnadani wakati kuku wanauzwa kwa bei ya kutupa katikati ya kiangazi: mara nyingi watu huuza haraka pale jirani alipoanza kuzika wake.

Ukimshika, usiharakishe. Mtazame machoni: jicho liwe kavu na linalong'aa, bila povu kwenye kona. Bonyeza taratibu juu ya matundu ya pua, na kama kuna ute, unuse. Mafua ya kuku yana harufu mbaya ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Msogeze sikioni usikilize kifua kama kinakoroma. Papasa kidari: mfupa ukiwa mkali kama kisu, kuku huyo amekonda kwa sababu ambayo hujaijua bado. Geuza uone njia ya haja. Manyoya yaliyogandana kwa kinyesi cha kijani, cha njano au chenye damu yanatosha kukufanya umrudishe. Fungua manyoya chini ya bawa na kuzunguka mkia utafute chawa na mayai yao yaliyoganda kwenye mashina ya manyoya. Tazama kope na upanga wa kichwani kama kuna viroboto waliong'ang'ania kama mbegu nyeusi za ulezi. Mwisho miguu: magamba yaliyoinuka na kuwa na unga mweupe ni kazi ya utitiri wa miguuni. Huyo anatibika kwa kupakwa mafuta mazito mara kadhaa, lakini uanze kumtibu kabla hajapanda kichanja kimoja na wako.

Tenga la kuazima sokoni lisiingie uani. Mhamishie kuku kwenye boksi la karatasi nje ya geti, kisha boksi lichomwe moto.

Muda wa kutengwa ndio unaopuuzwa kuliko yote. Siku tatu si karantini. Mdondo wenyewe kwa kawaida hujionyesha ndani ya wiki mbili, ila unaweza kuchukua hadi siku 21, kwa hiyo nashauri wiki tatu na, ukiweza, mwezi mzima. Kazi za kila siku zianzie kwa wenyeji na kuishia kwa wageni, kamwe usigeuze mpangilio huo. Siku mbili za mwanzo wape maji safi, chakula na utulivu tu, maana safari imewachosha. Wakishakula vizuri wape dawa ya minyoo, na siku chache zinazofuata zoa kinyesi chote ukichome au ukifukie, kwa kuwa mayai ya minyoo yanatoka humo. Siku nyingine ndipo wachanjwe. Kuku anayesinzia au asiyekula asichanjwe hadi umjue ana nini. Mayai watakayotaga kipindi cha dawa yasiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite.

Kuna kuku ambao hata mwezi hautawafichua. Aliyepona mafua, kipindupindu cha kuku au homa ya matumbo anaweza kubaki na vimelea mwilini, akala na kutaga kama wengine huku akiwaambukiza wenzake. Njia ya kumgundua ni kuchukua kuku mmoja kati ya wako, yule ambaye ukimpoteza utavumilia, na kumweka pamoja na wageni katika wiki ya mwisho au mbili. Akibaki mzima, una sababu ya kuendelea. Akianza kukoroma au kuhara, umepata jibu kabla banda zima halijaathirika, na yeye hapaswi kurudi kwa wenzake. Najua inauma kumtoa kuku wako namna hiyo. Bado ni afadhali kuliko kuwatoa wote.

Wakati wageni wametengwa, pima banda lako bila kujidanganya. Kuku wanne hadi watano kwa mita moja ya mraba ni kiasi kizuri, na kila mmoja anahitaji sentimita 20 hivi za kichanja. Kama wenyeji tayari wanabanana, kuongeza wengine ni kuwatafutia vidonda. Ongeza vyombo vya chakula na maji, na uvitawanye. Chombo kimoja hulindwa na mbabe mmoja, lakini hawezi kulinda vitatu vilivyo pembe tofauti. Weka vizuizi vya kujifichia, kama mabua yaliyosimamishwa, maboksi au meza kuukuu, ila kila maficho yawe na njia ya kutokea upande wa pili.

Kwa umri, tembe wasichanganywe na mitetea wakubwa kabla hawajakaribia umbo lao, na wasiingizwe mmojammoja. Mgeni mmoja hubeba mapigo yote, wanne huyagawana. Halafu kuna chakula. Chakula cha kuku wanaotaga kina kalsiamu nyingi mno kwa tembe ambao hawajaanza kutaga na huharibu figo zao. Watakapokula pamoja, wape wote chakula cha kukuzia, na chokaa ya mifugo au magamba ya konokono yaliyopondwa uweke kwenye chombo chake. Wanaotaga watakula, wadogo watagusa kidogo tu. Bata mzinga usimchanganye na kuku hata kidogo, kwa sababu kuku hubeba kimelea kinachoua maini ya bata mzinga bila wao wenyewe kuugua.

Sasa kukutana kwenyewe. Kuku wana ngazi ya ukubwa ambayo mwanazoolojia wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliieleza mwaka 1921: kila mmoja anamjua anayemdonoa na anayedonolewa naye. Mgeni anaivuruga ngazi hiyo, na lazima ipangwe upya. Tenganisha pande mbili kwa wavu kwa wiki nzima, waonane, wale wakiwa jirani, bila kufikiana. Baadaye wafungie wenyeji, uwaache wageni uani saa kadhaa wajue maji yalipo na pa kukimbilia. Siku ya kuwachanganya, wengi huwapandisha wageni kwenye vichanja usiku. Inasaidia, lakini haimalizi kazi: vita huanza alfajiri, na alfajiri hiyo uwepo mlangoni kabla hakujapambazuka, ukiwa na chakula kilichotawanywa na fungu la mchicha umelitundika.

Jogoo ana taratibu zake. Jogoo mmoja anatosha mitetea minane hadi kumi, na anayeletwa kubadilisha damu asikutane kabisa na wa zamani. Wa zamani aondoke kwanza, auzwe au achinjwe, kisha mpya aingie.

Kudonoana, kukimbizana na kuvutana manyoya uviache. Damu usiiache, maana rangi nyekundu huwaita wengine wote. Kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi, kipakwe GV, ile dawa ya maji ya rangi ya zambarau, ili wekundu usionekane, na aliyeumia akae pembeni hadi kikauke. Mbabe ndiye atolewe kundini siku mbili tatu. Akirudi atakuta ngazi imepangwa bila yeye. Utagaji utashuka kwa siku kadhaa, usibadilishe chakula kwa ajili hiyo. Baada ya wiki mbili, pita jioni na tochi uone nani analala chini peke yake. Mshike, papasa kidari chake. Kama kimeanza kuwa kikali, mtoe na mwenzake mmoja aliye mpole, walishwe pembeni mpaka anenepe, na warudishwe wote wawili kwa pamoja.