Mbwa wako anakaribia kuzaa: mambo ya kuzingatia kabla usiku wenyewe haujafika

Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63. Ukihesabu kuanzia siku aliyopandwa, unaweza kukuta amezaa siku ya 58 au ya 68, kwa sababu mbegu za dume hukaa siku kadhaa ndani ya jike zikisubiri mayai yakomae. Kwa hiyo siku ya 55 kila kitu kiwe tayari, na siku hizohizo mpeleke akapigwe eksirei. Mifupa ya watoto huwa imeshakomaa kiasi cha kuonekana, na vichwa vinahesabika. Usiruke hatua hii. Bila idadi hutajua kama aliyelala kimya saa nane usiku amemaliza au amekwama. Akionekana mtoto 1 tu, mjulishe daktari mapema, maana mtoto wa peke yake mara nyingi huwa mkubwa, na ishara anayotoa ya kuanzisha uchungu inaweza isitoshe.

Halafu usafiri. Kliniki inayochanja mchana si lazima iwe na mtu wa kufanya upasuaji usiku, basi uliza waziwazi: saa tisa usiku nani anapokea simu, na nani anaweza kumpasua mbwa? Chukua namba mbili. Zungumza mapema na dereva wa bajaji au teksi wa mtaani, kwa kuwa wengi hukataa mbwa wakikutana naye ghafla, tena akiwa anatoka majimaji. Hapa Dar es Salaam, wakati wa masika bonde la Jangwani hujaa maji na barabara hufungwa, hivyo anayetegemea njia hiyo awe na ya pili. Wa Kigamboni apange kupita darajani asije akakuta foleni ya kivuko.

Boksi la kuzalia liwe na urefu wa mara moja na nusu ya mbwa akiwa amejinyoosha. Ndani, sentimita 10 kutoka ukutani na sentimita 10 kutoka chini, zungushia bomba la plastiki au papi, ili mtoto aliyebanwa mgongoni mwa mama apate upenyo asilaliwe. Tandika magazeti, juu yake khanga zilizochakaa. Katika jiji hili adui mkubwa wa mtoto mchanga ni sisimizi. Harufu ya damu na maziwa huwaita, na mtoto hawezi kukimbia. Inua boksi, kila mguu uukalishe ndani ya kopo lenye maji. Lisiwe barazani wala uani penye upenyo, kwa sababu ya kunguru na panya. Usiwashe dawa ya mbu ya moshi ndani ya chumba hicho.

Pembeni weka taulo ndogo zisizopungua 10, mkasi uliochemshwa, uzi, iodini, glavu, pampu ndogo ya kuvutia kamasi za watoto wachanga, mizani ya jikoni, tochi yenye chaji, daftari na kalamu.

Kuanzia siku ya 57 mpime joto kwa njia ya haja kubwa, asubuhi na jioni. Kawaida huwa karibu nyuzi 38. Likishuka chini ya 37.2, uchungu huanza kwa kawaida ndani ya saa 24. Saa hizo zikipita bila dalili, piga simu. Hatua ya kwanza huchukua masaa 6 hadi 12, wakati mwingine hadi 24: anahema, anatetemeka, anachimba, anakataa kula, anaweza kutapika. Hapo msaada wako ni utulivu, maji, na feni isiyompulizia moja kwa moja. Joto la Januari linamchosha hata kabla hajaanza kusukuma.

Akianza kusukuma, andika saa. Akisukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto kutoka, ondokeni. Yakipita masaa 2 tangu mtoto wa mwisho na eksirei inasema wamo wengine, piga simu hata kama ametulia, kwani kizazi kinaweza kuwa kimechoka. Uchafu wa kijani kibichi ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza, kondo limebanduka na mtoto anakosa hewa, basi usisubiri. Baada ya mtoto wa kwanza kutoka, rangi hiyo ni ya kawaida. Mtoto kutanguliza miguu ya nyuma si ajabu kwa mbwa. Hesabu makondo pia, ingawa mama huyala upesi.

Oksitosini, yaani dawa ya kufanya kizazi kibane, iliyonunuliwa duka la dawa za mifugo usimchome bila agizo la daktari. Mtoto akiwa amekaa vibaya njiani, kizazi kikilazimishwa kubana kinaweza kupasuka.

Mama asipopasua chupa, yaani utando unaomfunika mtoto, mara moja, ipasue wewe kuanzia puani. Vuta kamasi, kisha msugue mtoto kwa taulo kavu, kichwa kikiinamia chini. Tazama ulimi: wa bluu unatakiwa ugeuke waridi. Usikate tamaa mapema, endelea hata dakika 20. Usimrushe wala kumzungusha hewani, ubongo wake huumia. Kitovu kifunge uzi sentimita 2 kutoka tumboni, kata mbele ya fundo, paka iodini.

Watoto hawawezi kujitunzia joto, na hata hapa pwani mtoto aliyelowa hupoa haraka. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa inatosha umeme ukikatika, ila waache nafasi ya kujisogeza mbali nayo. Aliyepoa mpashe joto taratibu kabla ya kumnyonyesha, kwa kuwa tumbo lililopoa halisagi maziwa. Wote wapate dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya masaa 12 ya mwanzo. Wapime kila siku saa ileile: anayepungua siku mbili mfululizo anahitaji daktari.

Mama asipewe vidonge vya kalisi (kalsiamu) wakati wa mimba, maana mwili huzembea kuitoa mifupani pindi maziwa yanapoihitaji. Wiki 2 hadi 4 baada ya kuzaa, akianza kukakamaa miguu, kutetemeka na kuhema ovyo, watenge watoto na umkimbize kwa daktari saa hiyohiyo.