Fundi unataka usajili wa CRB? Anzia hapa

Kuna swali mafundi wanauliza kila siku, eti nimejenga nyumba za watu miaka na miaka, sasa nataka niwe mkandarasi kamili, nianzie wapi. Majibu wanayopewa mengi ni ya vijiweni, mara lazima uwe na mamilioni benki, mara lazima ujuane na mtu wa kukupitishia faili. Ngoja niweke inavyokwenda, naongelea Tanzania bara, Zanzibar wana utaratibu wao.

Kwanza jiulize kama unauhitaji huo usajili kweli. Fundi anayeitwa kupiga plasta, kubadilisha koki au kupaka rangi vyumba viwili, analipwa leba yake anaondoka, huyo anachohitaji sana ni cheti na jina zuri mtaani. Ila ukishaanza kuchukua jengo zima, unasaini mkataba, unaleta vifaa vyako na watu wako halafu unamkabidhi mwenye nyumba funguo, hapo umeingia kwenye ukandarasi na Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya 1997 inakutaka uwe umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ndio hao CRB. Na baada ya lile ghorofa la Kariakoo kuanguka Novemba 2024 sidhani kama kuna mtu bado anadhani haya mambo ni urasimu tu wa kuwasumbua watu.

Sasa cheti. Wengi wetu ufundi tumejifunzia saiti, tumeanza kama saidia fundi, tukabeba zege, mpaka siku moja ukaachiwa pima maji ukaambiwa panga tofali. Karatasi huna. Usikate tamaa wala usiende kununua cheti cha kuchonga, VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi vya serikali, wana kitu kinaitwa urasimishaji wa ujuzi, maana yake wanakupima kwa kile unachokijua tayari, uwe fundi uashi, seremala, bomba, uchomeleaji, rangi, wanakuona unafanya kazi, palipo na pengo wanakufundisha kidogo halafu ukifaulu unapewa cheti bila kukaa darasani miaka yote. Kuna vipindi serikali imekuwa ikilipia kabisa mafunzo hayo, kwa hiyo pita chuo cha VETA kilicho karibu yako uulize dirisha linafunguliwa lini, usisubiri kuambiwa na mtu. Cheti hiki hakikufanyi mkandarasi, tuelewane hapo, ila kinakutofautisha na fundi wa kuokoteza, na hata kwenye zile kazi za fosi akaunti, yaani serikali inajenga yenyewe kwa kutumia mafundi bila kumpa mkandarasi, madarasa na zahanati za vijijini ambazo kamati inachagua fundi wa hapohapo, mwenye cheti anasikilizwa kwanza.

Mafundi umeme nyie mna njia yenu ya pembeni. Kufanya wayaringi unahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, zipo kwa madaraja na maombi yanafanyika mtandaoni, daraja unalopewa linategemea elimu na uzoefu wako. Hapa hakuna ujanja kwa sababu mteja akienda TANESCO kuomba umeme anatakiwa aonyeshe wayaringi imefanywa na mwenye leseni, ndio maana unaona fundi amefanya kazi yote kisha anamtafuta mwenye muhuri amgongee, anamkatia hela. Hiyo hela ungeweka mfukoni mwako, na siku nyumba ikiungua mwenye kuulizwa atakuwa ni yule aliyegonga muhuri, naye atakutaja wewe.

Haya turudi CRB. Wanasajili kwa aina, kuna majengo, kuna kazi za kiraia yaani barabara, madaraja na maji, kuna umeme, kuna mitambo, halafu kuna makandarasi maalumu. Aina hizo za kwanza zina madaraja kuanzia la kwanza ambalo ni la wakubwa mpaka la saba, makandarasi maalumu wanaishia la tatu. Kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi moja unayoruhusiwa kuchukua, na hivyo viwango huwa vinabadilishwa, kwa hiyo chukua vya sasa kwenye tovuti ya CRB yenyewe, usitumie karatasi ya zamani uliyotumiwa wasap.

Kwa maoni yangu hapa ndipo mafundi wengi wanapojipoteza. Kila mtu anataka majengo daraja la saba, wakati mtu maisha yake yote kafanya alumini tu, au uchimbaji wa visima, au useremala na finishing. Huyo ukandarasi maalumu ungemfaa zaidi, ushindani ni mdogo na makandarasi wakubwa wa majengo wanahitaji watu kama hao wa kuwagawia kazi. Kabla ya kujaza fomu yoyote kaa chini uangalie kazi zako zilizopita ni za aina gani, hizo ndizo utakazoonyesha.

Ukishajua aina, fungua kampuni BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni. Ni mtandaoni, wakurugenzi wanahitaji namba za NIDA na TIN, yaani ya kitambulisho cha taifa na ya mlipakodi, ada inategemea mtaji unaoandika, kwa hiyo usijiandikie mtaji wa mabilioni kwa sifa. Cha kuzingatia ni kwenye shughuli za kampuni, hakikisha ujenzi umo tena wa aina ileile utakayoombea, maana kuna watu wamefungua kampuni ya "biashara mchanganyiko" halafu wakifika mbele wanaanza kurekebisha nyaraka upya. Ukimaliza pata TIN ya kampuni TRA, fungua akaunti ya benki kwa jina la kampuni, tafuta ofisi hata chumba kimoja chenye anwani inayoeleweka.

Sasa mfupa wenyewe, mtu wa kitaalamu. CRB hawasajili jina la kampuni tu, wanataka humo ndani kuwe na mtaalamu mwenye elimu inayotambulika kwenye fani hiyo, na daraja likipanda elimu yake nayo inapanda, kule juu wanataka mhandisi au mbunifu majengo au mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na bodi yake. Kama wewe mwenyewe umesoma ufundi sanifu umeshajirahisishia. Kama hujasoma itabidi uungane na aliyesoma, na hapa nakushauri kama ndugu, usikodi cheti. Mchezo wa kukodi vyeti upo na kila mtu anaujua, unampa kijana aliyetoka chuo laki kadhaa anakuachia nakala, mnasajiliwa, mwaka haujaisha kapata ajira mkoani au kakopesha cheti kilekile kwa kampuni nyingine, bodi wanakupigia unaanza kujikanyaga. Bora umpe hisa kweli, hata kidogo, awe anakuja saiti, asaini michoro akiwa ameiona. Kijana mwenye diploma anayejua kusoma michoro na kuandaa BOQ, ile orodha ya kazi, vipimo na gharama zake, ukimuunganisha na wewe unayejua kusimamia mafundi na kubana mwizi wa simenti, hiyo tayari ni kampuni.

Vifaa navyo wanauliza. Mashine ya zege, vaibreta, jeki, mabati ya kufungia zege, vyombo vya kupimia, gari, inategemea daraja. Tunza risiti za EFD, zile za mashine ya TRA, kwa jina la kampuni na kadi ya gari, kwa sababu orodha bila ushahidi wa umiliki haina uzito na wanaweza kuja kuangalia kwa macho. Ukiazima mashine ya jirani kwa ajili ya siku ya ukaguzi, sawa, utapita labda, ila ukipata kazi utamwaga zege na nini?

Maombi yenyewe unajaza kwenye mfumo wao, unalipa ada kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, sio kwa simu ya mtu. Wana ofisi za kanda pia, ukikwama nenda ukaulize ana kwa ana, inasaidia kuliko kubahatisha viambatisho.

Ukisajiliwa ndio gharama zinaanza kuonekana, kuna ada ya kila mwaka na wasiolipa wanafutwa kwenye daftari, kila mradi unausajili kwao, na saiti unaweka bango linaloonyesha mwenye mradi, mshauri na mkandarasi ni nani. Saiti pia inasajiliwa OSHA, wale wa usalama na afya kazini, kama sehemu ya kazi, na wafanyakazi wako uwachangie WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ili mtu akidondoka kwenye jukwaa usiuze kiwanja kumtibu.

Kwa tenda za serikali lazima uwe ndani ya NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali, bila hiyo utasikia tu wenzio wameshinda. Kama wamiliki ni vijana, wanawake, wazee au watu wenye ulemavu, asilimia 30 ya manunuzi imetengwa kwa makundi hayo, fuatilia usajili wa kikundi maana kuna ushindani mdogo huko. Dhamana ya zabuni, yaani ahadi ya benki kwamba hutaikimbia zabuni uliyoomba, ikikushinda benki, CRB wenyewe wana mfuko wa kusaidia makandarasi wadogo, unatoa dhamana za zabuni na za malipo ya awali, jiunge mapema kabla tenda haijatoka kwa sababu ukikimbilia huko siku tatu kabla ya zabuni kufungwa hakuna wa kukusaidia.

Na kwenye kupiga hesabu ya bei kumbuka kodi ya zuio inakatwa hapohapo kwenye malipo, wengi wanaisahau, halafu serikali inaweza kuchelewa kulipa, kwa hiyo kazi ya kwanza chagua ndogo ambayo unaweza kuibeba miezi miwili mitatu bila kukopa kwa mtu wa riba.