Jinsi ya Kuchangia Mashirika ya Wenyeji Asilia na ya Weusi katika Miji ya Kanada

Wengi wanaotaka kuchangia mashirika ya Wenyeji Asilia au ya Weusi nchini Kanada huuliza kwanza kama watapata stakabadhi ya kodi, yaani karatasi ya kuombea nafuu ya kodi ya mapato. Swali hilo ni halali na litajibiwa hapa chini, lakini likitangulia huwapeleka wachangiaji wote kwenye mashirika yale yale makubwa yenye ofisi, wahasibu na jina, na kuyapita madogo ambayo mara nyingi ndiyo yanayofikiwa kwanza na mwenye shida mtaani. Kwa hiyo tuanze na anayepokea, ndipo tuje kwenye karatasi.

Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya Wenyeji Asilia 800,000 wanaoishi katika miji mikubwa ya Kanada, na Winnipeg peke yake ina zaidi ya 100,000. Mtu aliyehamia mjini kutafuta kazi, shule au matibabu huwa ameliacha nyuma baraza la jamii yake pamoja na huduma nyingi zilizofungamana nalo. Pengo hilo ndilo lililozaa vituo vya urafiki, vinavyojulikana kwa jina la Friendship Centres: cha Winnipeg kilianza mwaka 1959, Native Canadian Centre of Toronto ikafuata mwaka 1962, na chama chao cha kitaifa kikaundwa mwaka 1972. Leo kuna zaidi ya vituo 100 kote nchini, na chini ya paa moja unaweza kukuta malezi ya watoto, darasa la lugha, chakula cha mchana kwa wazee na mtu wa kumsaidia kijana kutafuta nyumba ya kupanga.

Kwa upande wa Weusi, sensa hiyo hiyo ilihesabu watu wapatao milioni 1.5. Wamo wazawa wa Nova Scotia ambao mababu zao wamekuwa huko tangu karne ya 18, wamo watu wa Karibi, na wamo Waafrika waliofika juzi, wakiwemo Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wanaozungumza Kiswahili majumbani mwao. Ripoti iliyotolewa Desemba 2020 kuhusu misaada ya taasisi 40 za wakfu ilionyesha kwamba, katika kila dola 100 zilizotolewa, mashirika yanayoongozwa na Weusi yaliambulia senti 7 tu. Ukichangia huko, basi, dola yako haiendi kuongeza juu ya kilichojaa.

Kabla ya kuchagua, tofautisha shirika linalowahudumia Weusi au Wenyeji Asilia na shirika linaloongozwa nao. Shirika kubwa la jiji linaweza kuwa na mradi mmoja kwa ajili ya vijana Weusi, na picha zao zikapamba tangazo lake la mwisho wa mwaka, ilhali maamuzi yote ya fedha yanafanywa na bodi isiyo na hata mmoja wao. Si kosa kulichangia shirika la namna hiyo, lakini kama nia yako ni kuipa jamii nguvu ya kujiamulia mambo, angalia ni nani wanaoketi kwenye bodi. Majina yao ni taarifa ya wazi. Mamlaka ya Mapato ya Kanada huweka kwenye tovuti yake orodha ya mashirika yote ya hisani yaliyosajiliwa, na kila shirika hutakiwa kuwasilisha taarifa iitwayo T3010 ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wake wa fedha kumalizika.

Ifungue taarifa hiyo, kwani haihitaji uhasibu. Andika jina la shirika katika kisanduku cha kutafutia, uhakikishe kwanza kwamba hali yake ni ya kusajiliwa na si ya kufutwa au kusimamishwa, kisha usome maelezo ya kazi zake kwa maneno yake lenyewe. Shuka hadi kwenye mapato, utazame ni kiasi gani kinatoka serikalini na ni kiasi gani kinatoka kwa watu binafsi. Shirika linaloishi kwa ruzuku za serikali peke yake hutikisika mradi mmoja unapofungwa, na kwa shirika kama hilo mchango wa kawaida usio na masharti huwa na thamani kuliko ukubwa wake. Halafu linganisha miaka mitatu au minne iliyopita, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kupotosha: huenda lilinunua jengo, au lilipokea urithi. Nakuomba usilihukumu shirika kwa gharama zake za utawala peke yake. Kituo chenye wafanyakazi wanne lazima kilipe kodi ya pango, umeme wa majira ya baridi na mtunza hesabu, na asilimia ya gharama hizo itaonekana kubwa kuliko ya shirika lenye wafanyakazi mia nne.

Utakutana pia na kikundi kizuri kisicho na namba ya usajili, kama vile kikundi cha kina mama wanaopika kwa ajili ya wagonjwa au vijana wanaofundishana ngoma za Kijamaika. Kutokuwa na namba si dalili ya utapeli; usajili una gharama na makaratasi mengi. Hapo una njia tatu. Ya kwanza ni kuchangia moja kwa moja bila kutarajia stakabadhi ya kodi, na sisi tuliozoea michango ya harusi na misiba kwenye makundi ya WhatsApp hatuhitaji kufundishwa hilo. Ya pili ni kuuliza kama kikundi kiko chini ya mwavuli wa shirika lililosajiliwa, kwa mfano MakeWay, ambalo zamani liliitwa Tides Canada na ambalo huhifadhi miradi mingi chini ya namba yake. Ya tatu ni kuchangia mfuko unaogawa ruzuku ukiwa mikononi mwa jamii yenyewe: kwa Weusi kuna Foundation for Black Communities, ambayo mwaka 2023 ilichaguliwa kusimamia mfuko wa dola milioni 200 uliotengwa katika bajeti ya serikali ya mwaka 2021, na kwa Wenyeji Asilia kuna Indigenous Peoples Resilience Fund, ulioanzishwa mwaka 2020.

Kuna mtego mmoja. Tangu mwaka 2022 sheria inaruhusu mashirika ya hisani kuvipa ruzuku vikundi visivyosajiliwa, mradi yafuatilie matumizi yake. Hata hivyo, shirika likipokea mchango wako kwa sharti kwamba likipe kikundi fulani ulichokitaja wewe, linaweza kupoteza usajili wake. Kwa hiyo usimbane mkurugenzi kwa ombi la “pokea hizi, unipe stakabadhi, kisha uwape akina fulani”. Unaweza kupendekeza, lakini uamuzi uwe wake.

Ukishachagua, toa fedha zisizofungwa kwenye mradi mmoja, tena kidogo kidogo kila mwezi kuliko kwa mkupuo. Februari, ambao ni Mwezi wa Historia ya Weusi, na tarehe 30 Septemba, Siku ya Kitaifa ya Ukweli na Maridhiano tangu mwaka 2021, ni nyakati ambazo simu za mashirika haya haziachi kulia. Ifikapo Aprili kimya hurudi, na mshahara wa mpishi bado unadaiwa. Dola 30 zinazokatwa kwenye akaunti kila mwezi humwezesha mkurugenzi kupanga. Fulana za rangi ya chungwa, zinazovaliwa tarehe 30 Septemba kuwakumbuka watoto wa Wenyeji Asilia waliopelekwa shule za bweni, na zinazouzwa mtandaoni kila Septemba, ni jambo jingine: wauzaji wengi hawana uhusiano wowote na Wenyeji Asilia, kwa hiyo nunua kwa shirika au kwa msanii anayejulikana, au uiache fulana na utume fedha.

Nguo na chakula vitolewe baada ya kupiga simu. Vituo vingi havina ghala, na gunia la nguo za kiangazi linaloletwa Januari humpa mfanyakazi kazi ya kulitupa. Ukiuliza, mara nyingi utaambiwa kinachotakiwa ni soksi mpya nene, kadi za nauli ya basi au kadi za kununulia chakula dukani.

Kwa wageni wenzangu katika nchi hii, tunasema “mgeni njoo, mwenyeji apone”, na wengi wetu tumepokelewa katika miji ambayo mwenyeji wake wa kwanza bado anatafuta pa kulala. Chama cha kufa na kuzikana au jumuiya ya msikitini au kanisani inaweza kabisa kutenga sehemu ya michango yake kwa kituo cha Wenyeji Asilia cha jiji lake. Mchango wa namna hiyo upelekwe kwa jina la jumuiya, ukiambatana na barua fupi, bila kudai sherehe ya kukabidhi wala picha ya hundi kubwa ya kadibodi. Wazee wa kituo wakitaka kuwaalika, watawaalika.

Sasa stakabadhi. Namba ya shirika lililosajiliwa ina tarakimu 9, herufi RR na tarakimu 4 za mwisho, na baadhi ya vituo vina wakfu wake wa kukusanya michango wenye namba tofauti, kwa hiyo hakikisha unalipa panapohusika. Kiasi kinachozidi dola 200 kwa mwaka hupata nafuu kubwa zaidi: kwa mkazi wa Ontario, nafuu ya shirikisho na ya jimbo pamoja ni takriban senti 40 kwa kila dola inayozidi hapo. Nafuu hiyo hupunguza kodi unayodaiwa tu. Asiyedaiwa kodi harudishiwi kitu, ingawa anaweza kuihifadhi stakabadhi na kuitumia ndani ya miaka 5 inayofuata. Mume na mke wanaweza kuunganisha michango yao ili kuuvuka mstari wa dola 200 mara moja tu. Muda wako wa kujitolea haupewi stakabadhi ya kodi, hata ukiwa wakili au daktari.

Karatasi yenyewe ikifika, itazame kabla ya kuiweka kwenye faili. Lazima iseme kwamba ni stakabadhi rasmi kwa ajili ya kodi ya mapato, na iwe na jina, anwani na namba ya shirika, namba ya mfululizo ya stakabadhi, tarehe ya mchango, jina lako kamili na anwani yako, kiasi kinachostahili nafuu, saini ya aliyeidhinishwa, pamoja na jina na tovuti ya Mamlaka ya Mapato. Kimojawapo kikikosekana, andikia ofisi yao barua pepe ya adabu uombe nyingine. Katika mashirika madogo kazi hii hufanywa na mtu mmoja usiku, baada ya kazi zake nyingine. Stakabadhi hiyo itunze kwa miaka 6.