Maamuli ya Tende: Namna ya Kuoka Biskuti za Sikukuu za Nchi za Sham

Maamuli ni biskuti za suji zilizojazwa tende, na katika nchi za Sham, yaani Syria, Lebanoni, Palestina na Jordan, ni vigumu kuikuta familia inayoipokea sikukuu bila kuwa na sinia yake. Waislamu huyaoka kwa ajili ya Idi zote mbili, Wakristo wa nchi hizo huyaoka kwa ajili ya Pasaka, na sahani huvuka ua wa jirani bila kuulizwa sikukuu ni ya nani. Kwa mpishi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako kwa karne nyingi tende zilishushwa kutoka majahazi ya Ghuba yaliyokuja na upepo wa kaskazi, karibu kila kinachohitajika kimo jikoni tayari: suji, samli, iliki, mdalasini na maji ya waridi.

Linaloyaharibu maamuli ya wengi ni haraka. Anayeyachukulia kama biskuti za kawaida, akachanganya suji na samli na kuoka saa hiyohiyo, hupata kitu kigumu chenye punje zinazokwaruza meno, kisha akasingizia oveni. Suji ni ngano iliyosagwa kwa punje kubwa kuliko unga, na punje hizo huhitaji saa nyingi za kunywa samli kabla ya kulainika. Kwa sababu hiyo kazi hugawanywa katika siku mbili: jioni ya kwanza ni ya kufikicha suji na kuandaa tende, na siku ya pili ni ya kuunda na kuoka. Kwa Idi el-Fitri, ambayo siku yake haijulikani mpaka mwezi uandame, ni busara kufikicha suji jioni ya tarehe 26 au 27 Ramadhani, ili mwezi ukionekana baada ya siku 29 biskuti ziwe zimekwisha kupoa na kuingia mkebeni.

Vipimo

Vipimo vifuatavyo hutoa maamuli yapatayo 45. Kwa kinyunya, pima gramu 500 za suji, gramu 125 za unga mweupe wa ngano, gramu 300 za samli, gramu 75 za sukari ya unga, robo kijiko cha chai cha hamira, chumvi kidogo sana, na mililita 150 za maji, ambazo kati yake 60 ziwe maji ya waridi au maji ya maua ya mchungwa. Kwa kujazia, pima gramu 500 za tende zilizokwisha kutolewa kokwa, vijiko viwili vya chakula vya samli, nusu kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa, na kiasi kama hicho cha mdalasini.

Wapishi wa Sham huongeza kijiko cha chai cha mahlabu, ambayo ni kiini cha kokwa ya aina moja ya cheri ya mwituni, chenye harufu iliyo karibu na ya lozi chungu. Ukiipata, inunue ikiwa nzima na uisage mwenyewe, kwa maana ikishasagwa hupoteza harufu na kuingiwa na uchachu upesi. Usipoipata, iache, na uongeze iliki kidogo kwenye kinyunya badala ya kutafuta kitu cha kuiigiza. Kuhusu maji ya waridi, hakikisha kwamba chupa uliyoinunua ni ya kupikia, kwa kuwa madukani huwekwa karibu na marashi ya kujipaka na chupa zake hufanana.

Jioni ya kwanza: suji na samli

Suji inayouzwa madukani si ya aina moja. Iliyo bora kwa maamuli ni mchanganyiko wa punje kubwa na laini, kwa sababu punje kubwa huleta mvunjiko mzuri mdomoni ilhali laini hushikilia biskuti isimomonyoke mkononi. Ikiwa umepata ya punje kubwa peke yake, chukua theluthi moja, uisage kidogo kwenye blenda, na uirudishe.

Tumia samli halisi ya maziwa, au angalau ifanye iwe nusu ya kiasi chote. Samli ya mimea hutoa biskuti laini, lakini ladha yake ni bubu, na kinyunya hiki hakina yai wala maziwa ya kuificha. Ukilazimika kutumia siagi, kumbuka kwamba sehemu yake kubwa ni mafuta lakini ndani yake mna maji pia. Weka gramu 375 za siagi isiyo na chumvi badala ya gramu 300 za samli, na siku ya pili upunguze maji yafikie mililita 90 hivi.

Changanya suji, unga, sukari na chumvi katika bakuli pana. Yeyusha samli bila kuiacha ichemke, imimine, kisha anza kufikicha kwa viganja vyote viwili, ukichota mchanganyiko kutoka chini na kuupitisha katikati ya mikono, mpaka kila punje ipate mafuta na rangi ya mchanganyiko wote iwe moja. Kazi hii huchukua kama dakika 10, na haifai kukatishwa. Mafuta yanapoitangulia ngano kabla ya maji, huzuia isifanye mvuto kama ule wa kinyunya cha chapati, na hapo ndipo biskuti hupata ule wepesi wa kuvunjika. Funika bakuli na uliache mezani usiku kucha. Kwenye joto la pwani halihitaji jokofu. Samli itaganda kiasi tu, na hilo halina neno.

Tende

Tende inayofaa ni laini yenye nyama nyingi. Khalas ya Oman ni nzuri mno kwa kazi hii. Fardh, ambayo ni nyeusi na ngumu zaidi, inafaa pia ilimradi ilainishwe kwa mvuke. Medjool ni ghali na ina unyevu mwingi, na kwa maoni yangu kuisaga ni kuionea. Hiyo iwekwe kwenye kisahani cha kufuturia ikiwa nzima. Tende za bei nafuu zilizoshindiliwa katika pakiti, ambazo hujaa madukani karibu na Ramadhani, hutengeneza maamuli mazuri kuliko watu wanavyodhani.

Pasua kila tende, hata zile zilizoandikwa kwamba hazina kokwa. Sababu ya kwanza ni kokwa zilizosahauliwa, ambazo zinaweza kumvunja mgeni jino. Sababu ya pili ni wadudu, ambao hukaa ndani ya tende inayoonekana safi kabisa kwa nje. Inayotoa vumbi jeusi ndani itupwe.

Ziweke tende kwenye chujio juu ya sufuria ya maji yanayochemka, funika, na uziache zilainike kwa mvuke kwa dakika 10. Usizichemshe ndani ya maji. Tende iliyochemshwa hunyonya maji, na maji hayo yakipata moto wa oveni hugeuka mvuke, yakatafuta pa kutokea, na biskuti ikapasuka ubavuni huku utomvu ukiungulia kwenye trei. Zikishalainika, zitwange kwenye kinu au uziponde kwa mwiko, kisha utie samli, iliki na mdalasini. Kungumanga kidogo haina ubaya. Karafuu ningeiacha, hata kwa msomaji aliyezaliwa Pemba, kwa kuwa huifunika harufu ya waridi isisikike kabisa. Sukari haihitajiki.

Mchanganyiko uwe mkavu kiasi cha kuviringika mkononi bila kunata. Ukiwa na majimaji, ukaushe juu ya moto mdogo ukikoroga. Ukiwa mgumu, ongeza samli, si maji. Paka viganja mafuta, ugawe madonge ya gramu 12, na uyafunike mpaka kesho yake.

Siku ya pili: kukusanya kinyunya na kuunda

Asubuhi utakuta suji imeshikana. Ivunjevunje kwa vidole mpaka iachane. Yeyusha hamira katika sehemu ndogo ya maji ya vuguvugu, changanya na maji ya waridi pamoja na maji yaliyobaki, kisha uyanyunyize kidogo kidogo huku ukikusanya suji kwa vidole. Neno ni kukusanya, si kukanda. Mara kinyunya kinaposhikana, acha kukishughulikia, kifunike kwa kitambaa chenye unyevu, na ukipumzishe kwa nusu saa. Hamira hapa haikusudiwi kukiumua, ila kukilegeza kidogo tu. Wanaotia unga wa kuumulia keki hupata biskuti zilizovimba na nakshi zilizofutika, jambo linaloifanya kazi yote ya kalibu, kile kifaa cha mbao kilichochongwa cha kutia nakshi, kuwa bure.

Kabla ya kuunda, fanya jaribio: bana donge dogo kati ya viganja. Kingo zikipasuka, nyunyiza kijiko kimoja cha maji na ungoje dakika 10 kabla ya kuongeza kingine, kwa sababu suji hunywa polepole na ni rahisi kuizidishia. Kinyunya kikiwa kimelegea na kung'aa kwa mafuta, jiko lako lina joto; kiweke mahali pa baridi kwa robo saa.

Chukua kinyunya cha gramu 25, sawa na ndimu ndogo, kiviringe, kisha uzamishe kidole gumba katikati huku ukizungusha mpaka upate kikombe chenye kuta nyembamba zilizolingana. Weka donge la tende, funga mdomo, na uviringe tena mpaka mshono upotee. Litie kwenye kalibu la mbao upande wa mshono ukikutazama, kwa kuwa upande ulio chini ndio utakaobeba nakshi. Gandamiza kwa kiganja mpaka uso uwe sawa na ukingo wa kalibu, kisha ugonge ncha ya kalibu kwenye meza iliyotandikwa kitambaa kilichokunjwa. Biskuti itaanguka mkononi. Kalibu jipya lipakwe mafuta mara ya kwanza, na baada ya hapo linyunyizwe unga kila baada ya biskuti chache. Lisilowekwe majini, kwa maana mbao hupasuka. Lisafishwe kwa brashi kavu.

Huko Sham maumbo yana maana yake. Kwa desturi, maamuli ya tende huwa ya duara na bapa, ya njugu za jozi (walnut) hufanywa kuba, na ya njugu za pistashio huwa marefu, ili mgeni ajue anachokichukua kabla hajakiuma. Anayetaka kujaza korosho za kwetu achague umbo mojawapo kati ya hayo mawili ya mwisho, akiacha lile la duara kwa tende.

Asiye na kalibu anaweza kutia nakshi kwa kibano chenye meno, au kwa ncha za uma, akibana uso wa biskuti mistari kwa mistari. Njia nyingine ni ya kaak: tende huviringishwa ziwe kamba nyembamba, hufunikwa kwa kinyunya, kisha ncha mbili huunganishwa kuwa pete. Wakristo wa Palestina huandaa maumbo yote mawili kwa Pasaka, na husimuliana kwamba pete ni taji la miiba na maamuli ni sifongo iliyochovywa siki. Wairaki nao wana kleicha, biskuti yao ya sikukuu, ambayo kinyunya chake ni cha unga wa ngano, hutandazwa, hupakwa tende, hukunjwa kama mkeka na kukatwa vipande. Hiyo ni rahisi zaidi kwa mwenye wageni wengi na mikono michache.

Kuoka

Washa oveni ifikie nyuzi 190 za Selsiasi. Panga maamuli kwenye trei isiyopakwa mafuta, uiweke chini kidogo ya katikati, na uoke kwa dakika 15 hadi 18. Biskuti hizi hupimwa kwa chini, si kwa juu: inua moja kwa kisu, na ukiona tako lake lina rangi ya dhahabu, toa trei hata kama uso ungali mweupe. Anayesubiri juu pawe kahawia atapata suji iliyokauka.

Kwa jiko la mkaa, tumia sufuria nzito yenye kifuniko bapa, tandaza mchanga mkavu chini, weka trei ndogo juu yake, na upalie mkaa juu ya kifuniko. Mkaa wa juu uwe mchache kuliko unaopaliwa kwa keki, na mkupuo wa kwanza uwe wa biskuti tatu au nne tu, ili uujue moto wako kabla ya kuukabidhi sinia zima.

Yakitoka motoni, maamuli huwa dhaifu kiasi cha kuvunjika kwa kuguswa, kwa hiyo yaachwe palepale kwenye trei mpaka yapoe kabisa. Sukari ya unga ya kunyunyizia juu, inayoonekana katika picha nyingi, kwa kawaida ni ya yale ya jozi na pistashio. Ya tende mara nyingi huachwa bila kitu, na kwa kahawa chungu hayahitaji zaidi.

Yaweke katika mkebe unaofunga vizuri, ukitenga safu kwa karatasi, na uyaache yalale siku moja kabla ya kuyaandaa, kwani harufu ya waridi hutulia na suji huzidi kulainika. Yaliyotengenezwa kwa samli na maji hukaa wiki mbili hata kwenye hewa ya bahari. Ya siagi huanza kubadilika ladha mapema zaidi, na yaliyokandwa kwa maziwa yaliwe ndani ya siku chache. Yanayozidi yanaweza kugandishwa kwenye friza yakiwa yamekwisha kuokwa lakini bila sukari ya juu, kisha yakatolewa saa chache kabla wageni hawajafika, yakibaki ndani ya mkebe uliofungwa mpaka ubaridi uishe, ili umande utue juu ya mkebe na si juu ya biskuti.