SOMO: Kutembea kando ya mfereji wa C&O (Chesapeake na Ohio) majani yanapogeuka rangi (Washington na Maryland, Marekani)

Kila Oktoba naulizwa yaleyale: twende lini, tuanzie wapi. Naandika mara moja.

1. Wakati: wiki ya mwisho ya Oktoba hadi ya kwanza ya Novemba. Milima ya magharibi ya Maryland hutangulia.

2. Mahali: maporomoko ya Great Falls upande wa Maryland, kwa kiingilio. Kwa bure, anzia Georgetown, mtaa wa Washington. Njia ni tambarare. Baghala waliipita wakivuta mashua za mfereji hadi 1924.

3. Viatu visivyoteleza.

4. USICHUME MAJANI MEKUNDU USIYOYAJUA. Mwaka wangu wa pili hapa niliona mtambaa mwekundu kama damu umekumbatia mti, nikamfungia binti yangu shada apeleke shuleni. Siku mbili baadaye mikono yetu ilijaa malengelenge, na mtoto hakulala vizuri wiki nzima. Ni poizoni aivi (poison ivy): vijani vitatu pamoja, cha katikati kina kikonyo kirefu zaidi, shina likikomaa huota nywele kama kamba chakavu. Mafuta yake hunata kwenye ngozi, nguo, viatu, hata manyoya ya mbwa. Ukiugusa, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, nguo nazo ufue. Hata majani yakiisha, shina lina sumu. Usiuchome kamwe, moshi wake unaumiza mapafu.

5. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa za hapa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na jua huzama karibu saa kumi na moja jioni. Geuza mapema.

MASWALI

Mdau wa Baltimore: Kwa hiyo twende lini?
— Hatua ya 1.

Mdau wa Silver Spring: Unatutisha bure. Mimi niliushika huo mmea, sikuwashwa.
— Simtishi mtu. Wengi hawadhuriki mara ya kwanza. Mwili ukishaujua, mara ya pili ndipo unapolipuka. Mimi nimeuguza mtoto.

Mdau wa Mtwara, sasa Virginia: Malengelenge hayo yanafanana na ya mafuta ya ganda la korosho. Kuna uhusiano?
— Upo, na nimefurahi umeuliza! Korosho, embe na mmea huu ni ukoo mmoja. Aliyewahi kuunguzwa na huu anaweza kuwashwa midomo hata na ganda la embe.

Mdau wa Columbus: Kwa nini mwaka mmoja wekundu unang'aa na mwingine umefifia?
— Manjano imo ndani ya jani tangu mwanzo. Kijani kikivunjika, inaonekana. Wekundu hutengenezwa msimu huohuo kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huuongeza. Mawingu mfululizo, unapungua. Tazama mti wa tulipu, jani kama limekatwa ncha kwa mkasi: huo ni manjano tu kila mwaka.

Mdau wa Baltimore: Na ile miti myeupe kando ya maji?
— Swali zuri. Wanaiita sikamo, ila siyo mkuyu aliopanda Zakayo. Gamba hubanduka, weupe unabaki. Majani yakishapukutika ndiyo hupendeza zaidi.

Mama wa watoto wawili: Mkirudi nyumbani, kagueni watoto nyuma ya magoti na shingoni. Kupe bado wapo Novemba.
— Asante, dada. Hilo nililisahau kabisa. Naliongeza hatua ya 3, pamoja na soksi ndefu.